Dhamana ya Pikipiki Imekwisha: Mmiliki Bado Anaweza Kudai Matengenezo

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Visiga, Kongowe na Misugusugu, pikipiki ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha usafiri. Inapolala gereji siku tatu, hesabu ya tajiri haisubiri, ada ya shule haisubiri, na marejesho ya mkopo wa kikundi hayasubiri. Kwa sababu hiyo, swali la nani alipe gharama za matengenezo makubwa ni swali la riziki ya kaya nzima.

Wamiliki wengi huamini kwamba jibu la swali hilo limeandikwa katika kijitabu cha dhamana, au waranti kama wengi wanavyoiita. Muda ukiwa haujaisha, muuzaji analipa. Ukiwa umeisha hata kwa siku moja, mmiliki anajitegemea. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Makala haya yanaeleza dhamana inafunika nini, sheria inasema nini muda wake unapokwisha, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua kabla ya kutoa fedha mfukoni.

Mfano wa kijana mmoja

Ili mambo yaeleweke kwa urahisi, tuchukue mfano wa kijana anayeendesha bodaboda Visiga. Amenunua pikipiki mpya dukani Kariakoo, ikiwa na dhamana ya miezi 12 au kilomita 12,000, kipi kitangulie. Katika mwezi wa nne alianza kusikia mlio usio wa kawaida ndani ya giaboksi. Alirudi dukani, akaambiwa kwa mdomo kwamba chombo bado ni kipya na mlio utakwisha wenyewe. Alirudi kazini. Katika mwezi wa saba gia zikaanza kuruka, na mwishowe pikipiki ikakataa kabisa kuingia gia ya tatu.

Alipoirudisha dukani, mita ilikuwa imepita kilomita 17,000. Akajibiwa kwamba dhamana imekwisha, na kwamba vipuri pamoja na ufundi vitamgharimu shilingi 380,000. Kijana alishangaa, kwa kuwa alijua ana miezi mitano mbele. Je, muuzaji yuko sahihi?

Kwanza: kuelewa dhamana inavyokwisha

Maneno “kipi kitangulie” ndiyo yanayowaponza waendesha bodaboda wengi. Mtu anayetumia pikipiki kwenda shambani na sokoni anaweza kumaliza miezi 12 kabla ya kufikisha kilomita 12,000. Mwendesha bodaboda hali yake ni kinyume. Akitembea kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anafikisha kilomita 2,600 kila mwezi. Kwa hesabu hiyo kilomita 12,000 zinakwisha kabla ya mwezi wa tano kutimia. Kijana wa mfano wetu alikuwa na miezi iliyobaki kwenye karatasi, lakini kilomita zake zilikwishamalizika.

Aidha, dhamana ya mtengenezaji hufunika kasoro za utengenezaji na za malighafi. Kwa kawaida haifuniki vitu vinavyolika kwa matumizi, yaani matairi, viatu vya breki, cheni na sproketi, plagi, balbu na sahani za klachi. Haifuniki pia uharibifu uliotokana na ajali, kuzidisha mzigo, kutobadilisha oili kwa wakati, au kufunguliwa kwa injini na fundi asiyetambuliwa na muuzaji. Vijitabu vingi vya dhamana huweka sharti la kupeleka chombo kwenye huduma za kilomita za mwanzo na kugongewa muhuri. Asiyetimiza sharti hilo humpa muuzaji sababu ya kukataa hata kabla muda haujaisha.

Ni vema pia kutochanganya dhamana na bima. Bima ndogo, ile inayolazimishwa na sheria kwa kila chombo cha moto barabarani, hulipa madhara ambayo mwenye chombo amemsababishia mtu mwingine. Haitengenezi pikipiki ya mwenye bima. Bima kubwa hufunika chombo chenyewe dhidi ya mambo kama ajali, moto na wizi, kwa kadiri ya mkataba wake. Giaboksi iliyokufa kwa kasoro au kwa kuchakaa kwa kawaida haimo katika bima hizo mbili.

Pili: sheria inabaki hata kijitabu kikiisha

Dhamana iliyoandikwa kwenye kijitabu ni ahadi ya hiari ya mtengenezaji au muuzaji. Juu ya ahadi hiyo ipo sheria ya nchi, nayo haikuandikwa kwa miezi wala kwa kilomita za kijitabu.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ambayo huhesabiwa kuwamo katika mkataba wa mauzo hata kama hayakutamkwa. Mtu anapouza bidhaa za aina ambayo ndiyo biashara yake, na mnunuzi akanunua kwa maelezo ya bidhaa hiyo, bidhaa inatakiwa iwe na ubora unaokubalika katika biashara. Tena, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inatakiwa kuifaa kazi hiyo. Ndiyo maana mwananchi anayenunua pikipiki ya kubeba abiria au magunia ya mkaa anashauriwa kumweleza muuzaji wazi, na ikiwezekana jambo hilo liandikwe kwenye hati ya mauzo.

Masharti hayo yana mipaka ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. Kama aliikagua pikipiki kabla ya kununua, hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ungezionyesha. Kama yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza aina fulani kwa jina lake la kibiashara, sharti la kufaa kwa kazi maalumu hupungua nguvu. Pia wanaoingia kwenye mkataba wanaweza kukubaliana kuondoa baadhi ya masharti hayo, hivyo maneno madogo yaliyo chini ya hati ya mauzo yasomwe kabla ya kutia saini. Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika, kutoka kwa mtu ambaye si mfanyabiashara wa pikipiki, ana kinga ndogo zaidi kuliko aliyenunua mpya dukani.

Sheria hiyo inaeleza vilevile kile kinachoweza kudaiwa. Mnunuzi ambaye amekwisha kuipokea pikipiki na kuitumia kwa miezi kadhaa, kwa kawaida hawezi kuirudisha na kutaka fedha zake zote. Anachoweza kudai ni fidia ya hasara, na katika kasoro ya kifaa, gharama ya kukitengeneza ndiyo kipimo cha karibu zaidi cha hasara hiyo.

Sheria ya pili ni Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoanzisha Tume ya Ushindani, maarufu kama FCC. Pamoja na kusimamia ushindani sokoni, sheria hiyo inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya upotoshaji kuhusu bidhaa na dhidi ya masharti kandamizi, na ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mikataba ya walaji. Muuzaji anayetangaza dhamana ya miezi 12 kwa herufi kubwa na kuficha kikomo cha kilomita, au anayemwambia mteja kwamba “hana haki yoyote” ilhali sheria inampa, anaweza kulalamikiwa.

Sheria ya tatu inahusu muda. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Maana yake si kwamba giaboksi lazima idumu miaka 6. Maana yake ni kwamba mlango wa mahakama haufungwi siku kijitabu cha dhamana kinapokwisha.

Tatu: jambo la kuthibitisha

Tofauti kubwa kati ya kudai ndani ya dhamana na kudai baada yake iko kwenye ushahidi. Ndani ya muda, mmiliki huonyesha kifaa kimeharibika, na muuzaji ndiye anayejitetea. Muda ukiisha, mmiliki ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo tangu pikipiki inauzwa, na kwamba haikutokana na kuchakaa wala matumizi mabaya.

Hapa ndipo kijana wa mfano wetu alipo na jambo la kusema. Mlio ulianza mwezi wa nne, mita ikiwa karibu kilomita 10,000, nao ndio uliozaa uharibifu wa mwezi wa saba. Aliliripoti tatizo akiwa bado ndani ya dhamana. Aliyechelewesha matengenezo ni muuzaji. Hoja hii ina uzito mkubwa kuliko ombi la huruma. Udhaifu wake ni mmoja: aliripoti kwa mdomo, akajibiwa kwa mdomo, na hakuna karatasi. Laiti angetuma hata ujumbe mfupi wa simu siku ile, akataja tarehe, kilomita na dalili, leo angekuwa na ushahidi mkononi.

Nne: hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kutofungua injini. Kishawishi cha kumpa fundi wa jirani afungue “aone tu” ni kikubwa, hasa pale siku inapopita bila kipato. Lakini injini ikishafunguliwa, muuzaji atasema aliyeharibu ni fundi. Ipelekwe kwanza kwa muuzaji au wakala wake ikiwa imefungwa, na mmiliki aombe taarifa ya maandishi ya kilichoonekana. Kama ni lazima ifunguliwe kwingine, muuzaji aarifiwe kwa maandishi mapema, zipigwe picha, na kifaa kilichovunjika kihifadhiwe. Gia iliyokatika meno ni shahidi. Ikiuzwa chuma chakavu, shahidi amepotea.

Hatua ya pili ni kukusanya nyaraka: risiti ya EFD, hati ya mauzo, kadi ya pikipiki, kijitabu cha dhamana chenye mihuri ya huduma, risiti za oili na vipuri, pamoja na ujumbe wowote wa simu uliotumwa au kupokewa. Namba ya chesisi na namba ya injini zilinganishwe na zile za kadi.

Hatua ya tatu ni kuandika barua. Barua iwe fupi na yenye mambo manne: pikipiki ilinunuliwa lini na kwa risiti namba ngapi, tatizo lilianza lini, mita ikiwa kilomita ngapi, na liliripotiwa kwa nani, hali ilivyo sasa, na kinachoombwa. Kijana wa mfano wetu angeweza kuandika hivi: “Niliripoti mlio wa giaboksi dukani kwenu mwezi wa nne tangu ununuzi, ndani ya kipindi cha dhamana, nikashauriwa kuendelea kutumia. Giaboksi sasa imeharibika. Kwa kuwa kasoro ilijitokeza na kuripotiwa ndani ya dhamana, naomba mtengeneze bila malipo, au mnipe majibu ya maandishi ndani ya siku 14.” Nakala ibaki kwa mmiliki, ikiwa na saini au muhuri wa aliyeipokea.

Hatua ya nne ni kupanda ngazi. Mwenye duka mara nyingi ni wakala tu. Nyuma yake yupo msambazaji au mwagizaji mkuu wa aina hiyo ya pikipiki nchini, ambaye ana fungu la vipuri na jina la kulinda. Ombi lililokataliwa dukani linaweza kukubaliwa huko, ama kwa matengenezo ya bure kabisa, ama kwa kugawana gharama. Katika mfano wetu, kama vipuri ni shilingi 260,000 na ufundi ni 120,000, mwagizaji akitoa vipuri bure kijana atalipa 120,000 badala ya 380,000. Makubaliano ya namna hii si ushindi kamili, lakini humrudisha mtu barabarani mapema. Yaandikwe, na kazi iliyofanywa iwe na dhamana yake.

Ni vema pia kuuliza kama mtengenezaji ametangaza kurejeshwa kwa pikipiki za toleo hilo kwa sababu ya kasoro inayohusu usalama. Panapokuwa na tangazo la namna hiyo, matengenezo hufanywa kwa kawaida bila malipo hata kama dhamana imekwisha.

Hatua ya tano, ikiwa majibu hayaridhishi, ni kuwasilisha malalamiko. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji, na barua pamoja na nyaraka zilizotajwa hapo juu ndizo zitakazohitajika. Palipo na shaka kwamba kipuri ni bandia, Tume hiyo ndiyo pia yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, hushughulikia bidhaa zisizokidhi viwango. Malalamiko hayo hayazuii mwananchi kwenda mahakamani. Madai ya fedha yanayotokana na mkataba, kwa kiasi kama cha mfano wetu, yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mwananchi hujieleza mwenyewe kwa Kiswahili.

Pikipiki za mkataba na za vikundi

Waendesha bodaboda wengi hawajanunua pikipiki kwa fedha taslimu. Wanaendesha kwa mkataba: tajiri ananunua, kijana analeta hesabu kila siku au kila wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Katika utaratibu huo risiti na kadi vina jina la tajiri, hivyo mwenye haki ya kumdai muuzaji ni tajiri. Lakini anayeumia chombo kikisimama ni kijana, kwa kuwa mikataba mingi humwachia matengenezo yote.

Mambo mawili yafaa kuandikwa kabla ya kuwasha pikipiki siku ya kwanza. La kwanza, nani atadai dhamana, na kwamba tajiri atatoa nyaraka na saini yake inapohitajika. La pili, hesabu itakuwaje siku ambazo chombo kimesimama kwa kasoro ya kiwandani. Pasipo maandishi hayo, kijana hujikuta anadaiwa hesabu ya pikipiki ambayo imelala dukani ikisubiri kipuri.

Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyonunua pikipiki kwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vina wajibu kama huo. Risiti iwe kwa jina la kikundi, nyaraka zitunzwe na katibu, na kila mwanachama anayeendesha aandike kilomita na hitilafu kwenye daftari moja. Mkopo unapaswa kurejeshwa hata giaboksi ikifa, kwa hiyo daftari hilo ni kinga ya kikundi kizima.

Pa kuanzia

Mwananchi asiyejua kuandika barua ya madai au asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuanzia kwa Mtendaji wa Mtaa au wa Kata, au kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, na kuuliza walipo wasaidizi wa kisheria wa eneo lake. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na hutoa ushauri bila malipo. Mtendaji hana mamlaka ya kumwamuru muuzaji alipe, lakini anaweza kuelekeza na kusaidia pande mbili kuzungumza. Afisa Biashara naye ni mtu wa kumwendea pale muuzaji anapofanya biashara ndani ya halmashauri.

Kijana wa mfano wetu hana uhakika wa kushinda. Ana hoja nzuri na ushahidi mwembamba, na huenda akaishia kugawana gharama. Aliyenunua pikipiki wiki hii yuko katika nafasi bora kuliko yeye: bado ana muda wa kusoma kikomo cha kilomita, kugonga mihuri ya huduma, na kuandika kila mlio anaousikia pamoja na tarehe yake. Kazi hiyo ni ya dakika tano kwa wiki, na daftari lake ni shilingi chache.